"Kwani Umekuja Nairobi Kulala?" Dada wa Turwa Alikuwa na Haki, Ila Alikosea Muda

Kama una simu na bando, sentensi hii lazima imeshakupitia: "Kwani umekuja Nairobi kulala?" Watu wameiwekea biti, wameigiza wakiwa wamevaa shuka, na wengine wameigeuza jibu la kila kitu. Mtu akiomba kupunguziwa kazi, anajibiwa hivyo hivyo.

Ilianzia kwenye kaunta ya hoteli moja maeneo ya River Road, Nairobi, saa nane na dakika zake za usiku. Dada mmoja wa Turwa, Tarime, kajifunga khanga juu ya dera, macho mekundu, anamwambia kaka wa mapokezi kwamba chumba alicholipia hakilaliki. Chini kuna baa, ukutani spika inagonga kama moyo, dirishani matatu zinapiga honi. Kaka wa watu, bila hata kuinua macho kwenye simu yake, akamjibu: "Madam, hapa ni tao. Kwani umekuja Nairobi kulala?"

Hapo dada akawaka. Aliyoyasema mengine yalikuwa ya Kiswahili, mengine ya Kikurya, na yale ya Kikurya ndiyo yaliyofanya video itrendi. Mgeni mmoja aliyekuwa anapita na chupa ya maji alikuwa ameshawasha kamera. Kufika asubuhi, Tarime nzima ilikuwa imeona, na jioni Dar ilikuwa inacheka.

Maneno yakaanza. Kuna waliosema ni mshamba, hajui mji. Kuna waliosema anatafuta kiki ili auze nguo zake. Na kuna wale wa siku zote: "Mkurya ukimnyima usingizi unategemea nini?" Hilo la mwisho ndilo lililopata kopa nyingi kuliko yote.

Sasa basi, kuna kitu watu wamekiruka. Hakuna aliyeuliza asubuhi yake ilikuwaje.

ASUBUHI AMBAYO HAIKUREKODIWA

Kwa mujibu wa watu wake wa karibu, dada huyo hakwenda Nairobi kutembea. Anauza abaya na madera kwa status na Instagram, na wateja wake wengi wapo Tarime mjini, Sirari na Musoma. Safari hii alikuwa amebeba hela za wateja waliolipa nusu mapema, pamoja na mkopo wa kikoba. Mpango ulikuwa avuke Sirari, apande basi la kupitia Migori na Kisii, afike jioni, alale, alfajiri aingie Eastleigh akiwa na akili zake zote.

Akili zake zote hazikufika Eastleigh. Alifika yeye na kichwa kinachogonga. Akachagua abaya ishirini na nne kwenye duka la tatu, akahesabu hela mara mbili akapata majibu mawili tofauti, akamwambia muuzaji afunge tu. Hakufungua hata moja kuangalia saizi. Alipofika nyumbani akakuta abaya saba ni saizi 52, wakati wateja waliziagiza 56 na 58. Mtu wa 58 huwezi kumwambia ajibane aingie kwenye 52. Ikabidi arudishe hela za watu saba, na kikoba kinasubiri rejesho lake Jumamosi.

Hiyo ndiyo bei halisi ya chumba kile. Pale kaunta alilipa shilingi 1,200 za Kenya kwa usiku mmoja, akajiona kapata cha bei poa. Ukijumlisha abaya saba, kile kilikuwa chumba cha gharama kuliko vingi vya mjini.

Kwa hiyo tuache utani kidogo. Usingizi wa mtu aliyesafiri kikazi ni mtaji kama mtaji mwingine. Dada wa Turwa alikuwa na haki kabisa ya kuudai. Kosa lake ni kwamba aliudai saa nane usiku, wakati alitakiwa kuudai alipofika tu, kabla hela haijatoka mkononi.

SIO USHAMBA, NI UBONGO

Wale wa "mshamba huyo" waanze na hili. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walichapisha utafiti kuhusu watu wanaolala sehemu ngeni kwa mara ya kwanza. Walikuta kwamba usiku ule wa kwanza upande mmoja wa ubongo haulali fofofo kama mwenzake. Unabaki kama mlinzi getini, na sauti ndogo ngeni ikisikika, unashtuka haraka. Usiku uliofuata hali ile haikuonekana tena.

Maana yake, tajiri akilala hoteli ngeni kwa mara ya kwanza naye ubongo wake unakaa lindo. Tofauti ni kwamba tajiri kawekewa dirisha la vioo viwili na zulia zito, halafu anajiita mzoefu.

Mtu anayekwenda Nairobi usiku mmoja kila mwezi na kugeuza anaangukia kwenye usiku ule mbaya kila safari, hasa kama kila mara anabadilisha hoteli. Chukua ubongo ulio lindo, uongeze spika ya baa chini ya kitanda, halafu umtegemee mtu huyo apige hesabu sahihi saa moja asubuhi.

SHERIA IPO, ILA HAIKAI MAPOKEZI

Kitu kingine ambacho wengi hawakijui: Kenya ina kanuni za kelele tangu mwaka 2009, chini ya mamlaka yao ya mazingira, NEMA. Kanuni hizo zinahesabu usiku kuanzia saa mbili mpaka saa kumi na mbili asubuhi, na kiwango chake usiku ni desibeli 35, hata kwenye maeneo ya biashara. Watu wawili wakiongea kawaida mezani ni kama desibeli 60. Na desibeli hazipandi kama ngazi za nyumba. Kila zikiongezeka 10, sikio linasikia kama sauti imekuwa mara mbili. Hesabu mwenyewe baa yenye DJ inakaa wapi.

Kwa hiyo kwenye karatasi, dada wa Turwa alikuwa upande wa sheria. Ila karatasi haimtoi DJ kwenye mashine saa nane usiku.

Halafu kuna hili. Novemba 2022 Kaunti ya Nairobi ilitangaza kufuta leseni za klabu za usiku zilizo kwenye makazi ya watu, na kusema klabu zibaki katikati ya jiji. Wakazi walikuwa wamelalamika kweli, watoto hawalali, wagonjwa hawalali. Hoja yao ilikuwa ya msingi. Lakini katikati ya jiji ndiko ziliko gesti za bei nafuu, ndiko mabasi yanakoshusha watu wa Sirari, Busia na Namanga. Mkazi ana diwani, ana majirani, ana chama cha mtaa. Mgeni wa usiku mmoja ana nani? Ana kaka wa mapokezi, na jibu la kaka wa mapokezi tumeshalisikia wote.

Ndiyo maana mgeni lazima ajitetee mwenyewe, tena mapema.

WENYE KELELE NAO WANA HOJA

Tuwe wakweli, mji ule haukujengwa kwa ajili ya usingizi wa mtu wa Turwa. Makanga anayepiga kelele saa kumi alfajiri anatafuta unga. Yule DJ naye ana kodi ya nyumba. Mama anayekaanga mayai nje ya baa anasomesha. River Road yenyewe ni mtaa ambao muziki mwingi wa Kenya ulirekodiwa na kuuzwa miaka na miaka. Ukienda pale ukategemea ukimya wa kijijini, umekosea anwani.

Hata Eastleigh alikokwenda kununua ina historia yake na gesti. Ile Garissa Lodge maarufu ilianza kama nyumba ya kulala wageni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Wasomali waliokimbia vita walianza kuuza bidhaa vyumbani mle mle walimolala, na pakageuka soko. Chumba kikawa duka, na duka likazaa maduka makubwa yanayoonekana leo. Mji wa namna hiyo unaishi kwa kutolala.

Kwa hiyo hoja ya kaka wa mapokezi ina ukweli ndani yake. Hapo ni tao kweli. Lakini kama hoteli inajua chumba fulani kiko juu ya spika, na inamuuzia mgeni kama chumba cha kulala bila kumwambia, basi tatizo limehama kutoka kwenye mji likaingia kwenye kaunta. Anayeuza kitanda anauza usingizi. Kama hana usingizi wa kuuza, aseme anauza sehemu ya kuweka begi.

HOTELI ILE ILE, BEI ILE ILE

Hapa ndipo stori inapouma. Asubuhi ile, wakati dada anakunywa chai kwa shida, alikaa meza moja na mama mmoja wa makamo kutoka Sirari, anayefuata viatu Nairobi kwa miaka mingi. Mama yule macho yake yalikuwa meupe, kalala kama mtoto mchanga. Dada akamuuliza, "Mama, wewe hukusikia mziki usiku?" Mama akamjibu, "Nilisikia kwa mbali, mwanangu. Wewe walikupa cha mbele?"

Mama alilala hoteli ile ile, usiku ule ule, kwa bei ile ile. Chumba chake kilikuwa ghorofa ya nne, upande wa nyuma, mwisho wa korido. Hakuwa na mtu anayemjua pale, wala hakuongeza hata shilingi. Alifika jua halijazama, akaomba kuonyeshwa vyumba vitatu, akachagua.

Dada kwa nini hakuomba? Watu wake wanasema aliona aibu. Alifika saa mbili usiku kachoka, nyuma yake kuna foleni, akaogopa kuonekana hajazoea hoteli. Akapewa funguo, akasema asante, akalipia siku zote mbili kwa mpigo. Yaani aliogopa kuonekana mshamba kwa dakika mbili, akaishia kuitwa mshamba na nchi mbili.

Na hili ni gonjwa letu vijana wengi. Tunaweza kumbishia bodaboda kwa shilingi mia tano, lakini tukifika kwenye kaunta yenye taa na mtu aliyevaa tai, ulimi unaganda. Tunachukua tulichopewa, kisha tunakwenda kulalamika kwenye status ambako mwenye hoteli hayupo.

ULIZA HAYA KABLA HUJALIPA

Moja, chumba kinaangalia wapi? Omba cha nyuma, mbali na barabara, mbali na ngazi, lifti, jiko na jenereta.

Mbili, kwenye jengo kuna baa au klabu? Iko ghorofa ya ngapi? Usidhani kupanda juu ndiyo salama. Nairobi na Kampala kuna majengo yenye baa juu kabisa, kwa hiyo ghorofa ya mwisho inaweza kuwa mbaya kuliko ya kwanza. Na kumbuka kesho ni siku gani. Chumba cha Jumanne na chumba cha Ijumaa si chumba kimoja.

Tatu, jirani ni nani? Kanisa lenye kesha la Ijumaa, msikiti wenye adhana ya alfajiri, stendi inayoamka saa kumi. Havina ubaya, ila ujue mapema upange usingizi wako.

Nne, naweza kukiona? Ingia, funga mlango na dirisha, kaa kitandani dakika mbili kimya. Gusa ukuta. Kama unatetemeka saa moja jioni, saa sita usiku utacheza. Angalia kama dirisha linafunga mpaka mwisho, maana upenyo wa kidole unaingiza mtaa mzima.

Tano, naweza kulipa usiku mmoja kwanza? Hii ndiyo silaha kubwa. Aliyelipa siku tatu hana cha kubishania. Aliyelipa moja, kesho anabembelezwa.

Na kabla hujatoka Tarime, ingia Google Maps usome walioshawahi kulala pale wanasemaje. Ruka zile picha za vitanda vyenye maua, tafuta neno kelele, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Watu watano wakilalamikia spika ile ile, wewe wa sita hutakuwa na bahati tofauti.

USIKU UKISHAHARIBIKA

Kuna wakati umeuliza yote na bado mambo yanaharibika. Hapo kuna vizibo vya masikio, vile vya sponji laini. Vinapatikana kwenye baadhi ya maduka ya dawa na havina bei kubwa. Ila wengi wanavivaa vibaya. Kisokote kiwe chembamba, vuta sikio juu kwa mkono mwingine, ingiza, kisha kishikilie mpaka kijae. Kikikaa vizuri kinaweza kupunguza kama desibeli 20 hadi 30. Pamba ya kawaida haifiki huko.

Tahadhari kwa dada anayesafiri peke yake: ukiziba masikio, hutasikia mlango. Kwa hiyo funga kwa ndani, weka komeo kama lipo, egemeza kiti, na simu iwekwe mtetemo chini ya mto ili kengele ya alfajiri isikupite. Kama huiamini kufuli ya chumba, bora uzibe sikio moja tu, lile lingine uliache wazi. Usalama kwanza.

Feni nayo inasaidia, maana mvumo wake wa sawa unafunika sauti za kukatakata. Kama hakuna feni, weka sauti ya mvua kwenye simu, kwa sauti ndogo, simu ikiwa mbali na kichwa. Usivae spika za masikioni ukaongeza sauti ili kushindana na DJ. Utamshinda DJ, na masikio yako yatalipa. Taulo chini ya mlango nalo linapunguza kelele za korido.

Na ukishuka mapokezi, shuka mapema, saa nne au saa tano, wakati vyumba vingine bado vipo. Usiombe mziki uzimwe. Kaka wa mapokezi hana uwezo huo na mwenye baa hatakusikiliza. Omba kitu anachoweza kukupa: "Kaka, naomba nihamishiwe chumba cha nyuma." Kama hakuna, omba kwa utaratibu asubuhi waongee na meneja kuhusu kukurudishia sehemu ya hela. Andika jina la uliyeongea naye na saa. Mtu aliyeandikwa jina hujibu tofauti na mtu ambaye anajua utasahau.

Dada wa Turwa aliomba mziki uzimwe, saa nane, kwa hasira. Alikuwa na haki, lakini alimwomba mtu asiyehusika kitu kisichowezekana. Na ule ukali uliowachekesha watu ndio uliomeza hoja yake. Leo kila mtu anakumbuka Kikurya alichotukana, hakuna anayekumbuka chumba alichouziwa.

NA HAPA NYUMBANI JE?

Kabla hatujamaliza kuwasema wenzetu, tujigeukie. Wakenya nao wanavuka Sirari, wanakuja Tarime kwa biashara na kwa ndugu, maana Wakurya wapo pande zote mbili za mpaka. Wanalala kwenye gesti zetu. Ngapi kati ya hizo zina baa chini na spika imegeuziwa vyumbani? Mgeni akilalamika anaambiwa nini? "Vumilia kidogo, wateja wanaondoka sasa hivi." Sasa hivi yenyewe inafika saa kumi.

Tanzania nayo ina kanuni zake za kelele za mwaka 2015, na mwaka 2022 NEMC iliwahi kufungia baa kibao, zikiwemo za Dar es Salaam, kwa sababu ya kelele. Watu waligawanyika vile vile: wengine walishangilia kwamba watalala, wengine wakalia kwamba ajira zimekufa. Wote walikuwa na la kusema. Ila gesti haihitaji kusubiri NEMC ili ifanye kitu kidogo tu, yaani kumwambia mgeni ukweli: "Dada, hiki kiko juu ya baa, kile cha nyuma kimetulia, chagua." Mwenye usingizi achague cha nyuma, aliyekuja kula bata achague cha mbele. Kila mtu anafurahi.

Habari zilizopo ni kwamba dada yule ameshamaliza kurudisha hela za wateja saba, na zile abaya za saizi 52 amezipata wateja wengine, japo kwa bei ya kutupa. Mwezi ujao anarudi Nairobi. Safari hii anaongozana na mama wa Sirari, na wamekubaliana kutoka na basi la asubuhi mapema ili wafike jua lipo.

Akifika kaunta na kuulizwa tena kama amekuja Nairobi kulala, jibu lipo rahisi na halihitaji Kikurya: ndiyo kaka, usiku nimekuja kulala, mchana nimekuja kutafuta hela, na la pili haliwezekani bila la kwanza.

Wewe umewahi kulala wapi ukajuta? Na uliuliza kabla ya kulipa, au ulisema asante ukachukua funguo? Dondosha maoni yako hapo chini, ila hoteli usiitaje jina.